Mguu Umejivuta, Mwenyewe Hajasikia

Katika kazi yangu ya kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hapa Mwanza, jambo linalonitoa maneno mengi kuliko yote ni hili: mguu unaweza kujivuta kwa nguvu kutoka kwenye kitu cha moto, na mwenye mguu asiwe na habari. Ndugu wakiuona mguu wa mgonjwa wao aliyepooza umeruka, wodi nzima inachangamka. Simu zinapigwa Sengerema, Magu, Ukerewe. Halafu mimi ndiye ninayevuta kiti kando ya kitanda na kuwaeleza walichokiona ni nini. Ni maneno mazito kuyatamka mbele ya mzazi. Lakini nimeona familia zilizoelewa zikimtunza mgonjwa wao miaka na miaka bila kidonda, na nimeona ambazo hazikuelezwa zikimrudisha hospitali na kidonda kilichofika kwenye mfupa. Ndiyo maana naandika.

Aliyenifunza mengi zaidi ni kijana mmoja aliyekuwa mpakiaji wa magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Aliteleza juu ya fuso lililokwisha kujazwa, akaanguka chali kwenye ukingo wa saruji. Pingili moja ya kifuani ilivunjika ikauponda ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo. Mikono yake ilikuwa mizima, akili nzima, kifua kizima. Kuanzia kitovuni kushuka chini, mwili wake ukawa umemnyamazia.

Wiki za mwanzo miguu ililegea kabisa. Nikigonga goti kwa kinyundo cha mpira, hakuna kitu. Nikikwaruza unyayo, hakuna kitu. Hali hiyo ni ya kawaida baada ya pigo kubwa kama lile. Sehemu ya ugwe iliyo chini ya jeraha huzimika kwa muda, kwa wengine siku kadhaa na kwa wengine wiki kadhaa, kisha huanza kuamka yenyewe.

Kwa huyu kijana iliamka asubuhi, wakati wa kuoga. Mama yake alikuwa ameleta beseni la maji ya moto ili amkande miguu, jambo ambalo akina mama wetu wengi huliona ni dawa. Kisigino kilipogusa maji, goti likakunjika, nyonga ikakunjika, mguu ukachomoka beseni likapinduka. Mama akapiga kigelegele. Niliposikia na kufika, wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wamekwisha kusimama, mmoja anaimba pambio. Kijana mwenyewe alikuwa anautazama mguu wake kama mtu anayemtazama mgeni asiyemjua. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mimi sijasikia kitu. Nimeuona tu unaruka."

Nilimwomba mama amfunike mwanawe macho kwa khanga. Nikachukua pini butu, nikabonyeza kidole gumba cha mguu. Mguu ukajivuta, mama akauona. Nikamuuliza kijana, "Nimekugusa wapi?" Akajibu, "Bado hujanigusa." Nikarudia mguu wa pili, jibu likawa lilelile. Nikapanda juu, pajani, tumboni. Nilipovuka kitovu akasema, "Hapo sasa, tumboni." Mama alikaa chini sakafuni bila kusema neno. Nami nikakaa pale chini pamoja naye, tukaanza mazungumzo marefu.

Nilichomweleza ni hiki. Kwenye ngozi yetu kuna ncha za mishipa ya fahamu ambazo kazi yake ni kupokea habari za hatari: kuchomwa, kukatwa, kubanwa mno, au joto likishafika kama nyuzi 43 za selsiasi. Habari hiyo inasafiri kwenye mshipa hadi mgongoni na kuingia kwenye ugwe kwa upande wa nyuma. Ndani ya ugwe kuna seli ndogo za kati zinazoipokea na kuigawa. Palepale seli za upande wa mbele zinatoa amri kwa misuli, na mguu unakunjwa. Hayo yote yanakwisha kabla kichwa hakijajua lolote. Nakala ya habari inapanda kwenda kwenye ubongo, ndipo mtu anasema "ah!", lakini ikifika huko mguu umekwisha kuondoka. Ni kama mlinzi wa getini anayefunga geti kwanza, halafu ndiyo anampigia simu mwenye nyumba.

Kwa kijana yule mlinzi alikuwa kazini. Simu ndiyo iliyokatika. Vituo vinavyoendesha miguu vipo sehemu ya chini ya ugwe, chini ya mahali alipoumia, kwa hiyo vilibaki vizima. Habari ya maji ya moto ilifika, amri ikatoka, mguu ukapona kuungua. Kilichopotea ni njia ya kupanda kichwani na njia ya kushuka kutoka kichwani. Basi ule mguu haukuwa unaanza kupona, wala haukuwa na pepo kama shangazi yake mmoja alivyosema baadaye. Ulikuwa unafanya kazi yake ya kuzaliwa nayo.

Mama aliniuliza swali ambalo ningetamani kila mzazi aulize: "Sasa kama hasikii, anayemlinda ni nani?" Nikamjibu kwamba ule mkunjo unamlinda kidogo, ila hautoshi. Mguu unaweza kuruka kutoka kwenye maji ukaangukia kwenye jiko. Mtu mwenye hisia angeutazama, angeugeuza, angepaka dawa, kesho angeukumbuka. Na kuna hatari ambazo refleksi, yaani ule mkunjo unaotokea wenyewe, haina habari nazo kabisa. Kulala upande mmoja kwa saa nyingi ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Mimi na wewe tukilala, mwili unachoka, tunajigeuza hata usingizini. Yeye hasikii ule uchovu wa nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro, na nyama hiyo inakufa taratibu bila mguu kuruka. Kwa hiyo agizo la kwanza nililompa halikuwa la dawa: mgeuze kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na kila ukimgeuza tazama makalio, nyonga na visigino kwa macho yako, kwenye mwanga. Akiweza kukaa kwenye kiti mwendo, ajiinue kwa mikono mara kwa mara, asisubiri hata nusu saa.

Nataka nirudi nyuma kidogo kwenye ule mkunjo wenyewe, kwa sababu kadiri ninavyoutazama ndivyo ninavyouheshimu. Kwamba habari huingia kwenye ugwe kwa nyuma na amri hutoka kwa mbele, Mfaransa François Magendie alilionyesha waziwazi mwaka 1822, baada ya Mskoti Charles Bell kulidokeza mwaka 1811. Lakini aliyeufumbua mkunjo vizuri zaidi ni Mwingereza Charles Sherrington, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian. Sherrington ndiye aliyeonyesha kwamba misuli ya kukunja inapoambiwa kaza, ile ya kunyoosha inaambiwa legea wakati huohuo. Bila hivyo mguu ungevutwa huku na huku na usiende popote. Alionyesha pia kwamba mguu mmoja ukijikunja kwa kuumia, mguu wa pili unajinyoosha na kukakamaa ili uubebe mwili.

Hilo la mguu wa pili mtu yeyote anaweza kuliona mwaloni akitulia. Wakati wa kushusha samaki, wachukuzi wanapita mbiombio na makreti kichwani, wengine pekupeku kwenye mchanga uliochanganyika na magamba. Mmoja akikanyaga mwiba wa gogogo, na mwiba wa samaki yule unauma kweli, mguu unaondoka chini kabla hajapiga yowe. Tazama mguu wa pili. Umekwisha kuwa mgumu kama anavyotaka mwenye kreti, goti limenyooka, nyonga imeshika, na kreti haijaanguka. Hakuna aliyefikiri, "Sasa niegemee kushoto." Ugwe ulikwisha kulipanga. Ndipo yowe linatoka, na lugha isiyoandikika.

Maumivu nayo huja kwa awamu mbili. Mama yangu amekaanga samaki maisha yangu yote, sato na vipande vya sangara, kwenye karai lililokaa juu ya jiko la mkaa. Nimeuona mkono wake ukigusa sikio la karai mara nyingi utotoni. Mkono ulikuwa unarudi wenyewe hadi kifuani. Anatoa sauti moja kali, fupi. Halafu kunakuwa na kituo kidogo, kama nusu pumzi, ndipo uso unabadilika na ule moto mzito unaokaa unaingia. Niliposoma chuoni nikapata maelezo ya nilichokuwa nakiona. Mishipa ya maumivu ni ya namna mbili. Ile yenye ala nyembamba ya mafuta hupeleka habari kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Ile isiyo na ala huenda nusu mita hadi mita 2 tu kwa sekunde. Kutoka unyayoni hadi kwenye ugwe ni karibu mita moja kwa mtu mzima, kwa hiyo maumivu mazito ya mguu yanaweza kuchukua sekunde nzima au hata mbili njiani. Mtu angesubiri yafike ndiyo aondoe mguu, angekuwa ameungua vibaya.

Kichwa nacho kina sauti yake. Mama akiwa amebeba karai la mafuta yanayochemka na wajukuu wanacheza miguuni, vidole vikianza kuungua hatupi karai. Anakaza meno, anatembea hatua zake, analiweka chini, kisha ndiyo anapuliza vidole. Amri ya kushika imeshuka kutoka kwenye ubongo ikaizuia ile ya kuachia. Uwezo huo wa kuzuia tunautumia kila siku bila kuutambua, na yule kijana wa Mwaloni alikuwa ameupoteza. Ndiyo sababu baada ya miezi miguu yake ilianza kuruka kwa kitu kidogo tu, shuka likivutwa au upepo wa dirishani, na mara nyingine ikakakamaa yote miwili. Ukikwaruza unyayo wake, kidole gumba kilipanda juu badala ya kukunjika chini, dalili ambayo daktari Mfaransa Joseph Babinski aliieleza mwaka 1896 na ambayo mpaka leo inatuambia kwamba njia ya kutoka kwenye ubongo imeharibika.

Sasa nije kwa mama yangu, kwa sababu yaliyompata yeye yalikuwa kinyume kabisa na ya kijana, na bila haya mawili kukaa pamoja nisingelielewa jambo lenyewe.

Mama aliugua sukari ukubwani. Alikuwa anameza dawa, anakwenda kliniki, anaendelea na karai lake. Jioni moja alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu wa kulia umelalia jiko kama alivyozoea, amevaa ndala. Kaa dogo la moto lilidondoka likaingia kati ya kidole cha pili na cha tatu. Aliyegundua ni jirani yake wa biashara, aliyenusa hewa na kusema, "Mama, kuna kitu kinaungua hapo, na si samaki." Mama akatazama karai. Akatazama mkaa. Akainua kitambaa cha kushikia akakigeuza. Ndala ilikuwa inatoa moshi, na mguu ulikuwa umetulia palepale ulipokuwa.

Kidonda kile tulikiuguza miezi. Mguu haukukatwa, namshukuru Mungu na namshukuru muuguzi aliyekuwa anakisafisha.

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka inaharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, inayokwenda kwenye vidole vya miguu. Kisha ganzi inapanda taratibu kuelekea kwenye kifundo. Mgonjwa anaweza kuhisi sisimizi, au moto wa usiku unaomkosesha usingizi, au asihisi lolote, na huyo wa mwisho ndiye ninayemwogopea zaidi. Ugwe wa mama ulikuwa mzima. Ubongo mzima. Misuli mizima, anapanda kilima cha Bugando kwa miguu yake. Kilichokosekana ni habari kuingia. Hakuna aliyeambiwa kwamba kaa limeanguka, basi hakuna aliyetoa amri, na mguu ukakaa.

Nikawaweka wawili hawa kichwani mwangu sambamba. Moto uleule. Kijana mguu wake uliruka na hakujua. Mama yangu, ambaye kichwa na mguu bado vinazungumza, mguu wake haukuruka. Tangu hapo nikimpokea mgonjwa yeyote mwenye ganzi au aliyepooza, swali langu la kwanza ni waya umekatika wapi: kwenye kuingia, kwenye kupanda, au kwenye kutoka. Jibu ndilo linaloniambia nani achukue kazi ya kulinda, na kwa saa zipi.

Kipimo cha miguu ya wenye sukari ni rahisi sana. Ni uzi wa nailoni uliofungwa kwenye kishikio, umetengenezwa ujikunje ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, unabonyeza uzi sehemu kadhaa za unyayo mpaka upinde, yeye anasema ndiyo kila akisikia. Nilipomtolea mama, aliuchezea kwanza kati ya vidole, maana amekulia kwa wasuka nyavu, akasema, "Mwanangu, huu si uzi wa nyavu huu?" Nikamwambia ni ndugu yake. Akafumba macho. Nikabonyeza kidole gumba, kimya. Kidole cha tatu, kimya. Chini ya vidole, kimya. Katikati ya unyayo akasema, "Ndiyo." Akafumbua macho akanikuta nimeshika uzi, akasema, "Umeanza sasa hivi, siyo?"

Ugonjwa wa ukoma nao hupitia mlango huohuo. Bakteria aliyegunduliwa na Mnorwe Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873 huharibu mishipa ya fahamu ya mikono, miguu na uso. Utotoni nilisikia watu wazima wakisema ukoma unakula vidole. Vidole vinapotea kwa sababu ya kuungua na kujikata bila kusikia, vidonda vinaoza, mfupa unaisha kidogo kidogo. Dawa za ukoma zipo na zinaua bakteria, lakini mshipa uliokwisha kufa haurudi kwa dawa hizo, ndiyo maana kuwahi ni jambo kubwa sana.

Nimemwona pia mgonjwa ambaye kilichoharibika ni breki zenyewe. Alikuwa mvuvi aliyechomwa unyayoni na ndoano ya mgonzo, ile kamba ndefu ya kuvulia yenye ndoano nyingi, akaifunga kwa kitambaa, akaendelea na ziwa. Alipoletwa taya lilikuwa limefunga na mgongo umepinda. Sumu ya pepopunda hupanda kupitia mishipa hadi kwenye ugwe na kuzinyamazisha zile seli zinazotoa amri ya kulegea. Misuli ya kukunja na ya kunyoosha ikakaza kwa pamoja. Mlango ukigongwa, mwili wote unashtuka. Mwanga wa tochi ukimpiga usoni, mwili wote unashtuka. Tulikuwa tunaingia chumbani kwake kwa kunyata, pazia zimeshushwa. Ukichomwa na ndoano, mwiba au bati, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda zahanati ukaulizie chanjo ya pepopunda siku hiyohiyo. Chanjo ni sindano ya dakika moja.

Na kwa upande wa Mara, kule Tarime, miaka ya 1980 watu walipata ugonjwa wa konzo baada ya ukame kuwafanya wategemee muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Njia za kutoka kwenye ubongo kwenda miguuni ziliharibika ghafla na hazikurudi. Miguu ikakakamaa, goti likigongwa kwa kinyundo linaruka kupita kiasi. Nawataja kwa sababu kanda yetu bado inakula ugali wa muhogo, na haraka ya kuusaga kabla haujalowekwa na kukauka sawasawa ni hatari.

Kijana wa Mwaloni alirudi kwao Igombe. Nilikuwa namtembelea, na alichokigundua yeye mwenyewe ndicho nilichokwisha kukibeba kwa wagonjwa wengine wengi. Alipata kazi ya kufunga ndoano kwenye migonzo, kazi inayofanywa kwa kukaa. Siku moja miguu yake ilianza kurukaruka tangu asubuhi, zaidi ya kawaida, na haikutulia hata alipoinyoosha kama nilivyomwonyesha. Alikagua mpira wa mkojo, haukukunjika. Tumbo lilikuwa limekwenda vizuri. Hakuna kidonda makalioni. Mchana dada yake alipomsaidia kubadili suruali akakuta ndoano imezama kwenye nyama ya shavu la mguu, imepita kwenye kitambaa, damu imekwisha kukauka. Mguu ulikuwa unaisema ndoano saa zote zile.

Tangu siku hiyo akaacha kuichukia ile mirukoruko. Ikizidi, anapita orodha yake: kibofu kimejaa, choo kimekuwa kigumu, ukucha umeingia nyamani, kiatu kinabana, mkojo una harufu, kuna kidonda. Mara nyingi anapata kitu. Yeye hasikii maumivu, lakini ugwe wake wa chini unayapokea, na amejifunza kuusoma kwa macho. Anatumia kioo kidogo cha kunyolea kutazama unyayo na nyuma ya mapaja kila jioni. Ndoano sasa zinakaa kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya meza, mbali na mapaja.

Kwa aliyeumia juu zaidi, kuanzia pingili ya sita ya kifua kupanda shingoni, ujumbe wa namna hiyo unaweza kuwa hatari ya kifo. Kibofu kilichojaa au choo kilichokwama kinaweza kuipandisha presha ghafla, kwa sababu ugwe unaitikia na ubongo hauwezi kuutuliza. Mgonjwa anaumwa kichwa kikali, uso na shingo vinatoa jasho na kuwa vyekundu, au kwa rangi zetu vinawaka tu joto. Mkalishe wima mara moja, legeza mkanda na nguo, nyoosha mpira wa mkojo, tafuta chanzo, na gari la kwenda hospitali liwe linatafutwa wakati huohuo. Kila familia ninayoiruhusu kwenda nyumbani na mgonjwa wa shingo hunisimulia hatua hizo kwa mdomo kabla hawajapakia godoro.

Wapo wanaoniuliza, basi ni lini tufurahi? Furahini akisogeza kidole kwa kuambiwa. Furahini akifumba macho na kusema mahali ulipomgusa. Hata hisia ya kuguswa kuzunguka njia ya haja kubwa, ambayo watu wanaona haya kuipima, ni habari njema kuliko mguu kuruka mara mia, maana inaonyesha kwamba kamba haikukatika yote. Hayo tunayapima mapema na tunayarudia. Nimewahi kupiga kigelegele mwenyewe wodini, kwa binti aliyegongwa na bodaboda, aliyenikaripia kwa sauti, "Unanichoma!" huku macho yamefunikwa.

Mama yangu amerudi kwenye karai. Anavaa viatu vya kufunika, jiko limesogezwa, na mguu haulalii tena kitu asichokitazama. Kabla ya kuvaa anakung'uta kiatu na kupitisha mkono ndani. Maji ya kuoga anayajaribu kwa kiwiko. Jioni akifunga biashara anakaa kwenye kigoda, anageuza nyayo, anazitazama kidole kwa kidole. Wenzake mwanzoni walimshangaa, sasa wanamletea miguu yao. Aliniomba ule uzi, nikamtafutia wake. Wiki iliyopita alimleta kwangu mmoja wao, muuza dagaa mwenye sukari ambaye hajawahi kupimwa miguu. Vidole vinne havikusikia uzi, na kwenye kisigino kulikuwa na kipande cha mwiba wa samaki ambacho mwenyewe hakujua kimekaa tangu lini. Tumekitoa, tumeosha, amechanjwa, na Jumanne ana kliniki.